Brashi ya Utepe wa Buluu

Mke wangu aliigawa karakana yetu kwa chaki. Upande wa barabarani ulikuwa wa chuma cheusi: mageti, madirisha, vitanda vya bweni. Upande wa ndani, penye dirisha kubwa, ulikuwa wa stenlesi, na huko ndiko alikokaa yeye. Kila asubuhi kabla hatujawasha mashine alichuchumaa akachora mstari sakafuni, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, mnene na ulionyooka kana kwamba umepigiwa rula. Kuanzia hapo mpaka jioni, ole wake aliyeuvuka na brashi mkononi.

"Chuma cheusi kikae kwao," alikuwa akisema. "Sisi hatuendi kuwasumbua."

Watu walicheka, lakini hakuwa akitania. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu imevaa ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho. Ukiikwaruza, ngozi hiyo inajiotesha yenyewe upya. Ila ukiisugua kwa brashi iliyokwisha kusugua chuma cheusi, vumbi la chuma hicho linazama kwenye mikwaruzo na kujificha humo. Siku hiyo huoni kitu. Kazi inang'aa, mteja anakushika mkono, anaondoka anafurahi. Halafu unyevu unaingia, na madoa yanachomoza kidogo kidogo kama chai iliyomwagika. Yeye aliiita kutu ya kubebwa. Alisema hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa haitoki ndani ya kitu chenyewe. Inaletwa na mkono wa mtu.

Kwa hiyo brashi zake zilikuwa zake. Alizifunga utepe wa buluu kwenye mpini na kuzitundika kwenye misumari yake, upande wake. Moja aliipenda kuliko nyingine. Mpini wake ulikuwa wa mbao, na pale kilipokaa kidole gumba chake mbao ilikuwa imebonyea na kuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Mdogo wake ndiye aliyefanya kazi upande wa barabarani. Sote tulimwita Mageti, hata mama yake. Alikuwa na mdomo usiolala.

"Dada, na kivuli changu je? Kimevuka hicho."

"Kivuli kipite. Mikono ibaki huko huko."

"Siku nikioa, mke wangu atavuka?"

"Wewe kwanza upate wa kukukubali na hayo masizi."

Mimi nilikuwa nachomelea, pande zote mbili, nikinawa mikono na kubadilisha glovu kila nilipovuka. Moto wangu uliacha alama pembeni ya maungio, rangi ya zambarau na kahawia kama jeraha linalopona, na yeye ndiye aliyeziondoa: anapaka dawa, anangoja, anasuuza, anapiga msasa, mpaka hujui tena mahali bati moja lilipokutana na jingine. Wateja walimwita Kioo. Wanawake waliokuja kuchukua masinki yao walijitazama humo na kujifunga vilemba vizuri kabla ya kutoka. Mimi alinisimanga: "Umeunguza tena. Mtu kama wewe akipewa pasi nyumbani tutatembea uchi."

Mama yake alikuwa na meza ya jikoni ya mbao, ya miaka mingi. Mguu mmoja ulikuwa umeoza kwa chini, umeegeshwa juu ya tofali, na uso wake umefunikwa plastiki iliyokatikakatika kwa visu. Tangu tulipooana nilimsikia mke wangu akimwahidi meza nyingine.

"Nitakutengenezea ya stenlesi, Mama. Isiyooza, isiyoshika kutu. Utaiacha ikiwa vile vile."

"Nitamwachia nani?"

"Si utaniachia mimi."

Lakini kazi za watu zilitangulia, kama kawaida ya mafundi, na ahadi ikawa kichekesho cha nyumbani. Mama akitaka kumchokoza alimuuliza, "Ile meza imefika wapi, imeshavuka mpaka?"

Halafu moyo wa mke wangu ukaanza kuchoka. Daktari alisema umepanuka, hausukumi damu inavyotakiwa. Alipewa vidonge, akaambiwa apumzike. Alikuja karakanani hata hivyo, akipumua kama mtu aliyepandisha ngazi na ndoo, akakaa kwenye kigoda chake akitutazama. Asubuhi moja alichora mstari, akabaki amechuchumaa pale mwisho wa ukuta. Nilipokwenda kumwinua akaniambia, "Lile bati zima lililobaki, likunje. Leo tunaanza meza ya Mama."

Nililikunja, nikachomelea miguu. Kumalizia hakuniachia. Nilimwambia apumzike, nitapiga msasa mimi, atanielekeza akiwa amekaa.

"Mkono wako mzito," alisema. "Na Mama amengoja sana."

Alifunga msasa kwenye kipande cha mbao akaanza kuvuta, kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine, kwa mkono. Huo ndio umaliziaji alioupenda, mistari myembamba inayokwenda upande mmoja tu, kama nywele zilizochanwa. Mtu mzima wa afya anavuta mara moja bila kusimama. Yeye alifika katikati, akapita kidogo, mkono ukasimama. Akapumua. Kisha akaendelea mpaka mwisho. Mstari uliofuata, vivyo hivyo. Hata siku aliyomaliza, ukiinama na kuitazama meza kuelekea dirishani uliona mahali, mbele kidogo ya katikati, ambapo mistari inaisha na mingine inaanza bila kukutana sawasawa, kama nguo iliyoungwa. Zamani angeifuta kazi yote na kuanza upya kwa kosa dogo kuliko hilo. Safari hii aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama hataona," alisema.

Akamwaga maji juu yake. Alifanya hivyo kwa kila kazi kabla ya kuitoa. Maji yakikatika na kuwa matone, kuna uchafu umebaki; yakitembea pamoja kama kitambaa kimoja, kazi ni safi. Yalitembea kama kitambaa kimoja. Akatabasamu, akaniomba nimshike mkono ainuke.

Mageti ndiye aliyeipeleka, maana dada yake hakuweza tena kukaa garini. Mama alipiga simu analia na kucheka kwa pamoja. Mke wangu aliniwekea simu sikioni nisikie, huku amefumba macho. Mwezi ule haukuisha naye.

Baada ya mazishi, ndugu wakiwa bado wanashughulikia nguo na vyombo, Mama alikuja karakanani peke yake. Alikaa kwenye kigoda cha binti yake, kitambaa cheusi kichwani, akazitazama mashine zilizofunikwa.

"Nguo sitaki," alisema. "Nguo ni za sanduku. Nipeni kitu alichokuwa anakishika."

Mageti ndiye aliyeinuka. Alikwenda kule ndani akarudi na brashi yenye utepe wa buluu, ile ya mpini uliobonyea, akampa kwa mikono miwili. Mama aliweka kidole gumba chake kwenye ule mbonyeo. Kilienea. Aliifunika brashi kwa upande wa kitambaa chake kama anavyofunikwa mtoto mchanga, akaondoka bila kuaga.

Sikurudi kwake kwa muda, na yeye hakuniita. Kila mmoja alikuwa anamkwepa mwenzake, nadhani, kwa kuwa kila mmoja alimkumbusha mwenzake aliyeondoka. Kisha asubuhi moja Mageti aliingia, hakutania na mtu, akasimama pembeni yangu mpaka nilipozima mashine.

"Shemeji, Mama anakuita. Na si kwa heri."

Nilimkuta jikoni, amesimama. Nikamwamkia. Aliitikia akiwa anatazama kando. Siku zote aliniita mwanangu.

"Fundi," alisema, "njoo uone kazi yako."

Meza ilikuwa na kutu. Si kidogo. Madoa ya rangi ya chai yalikuwa yametapakaa juu nzima, mengine yamekaa kama vumbi, mengine yamejipanga mduara ndani ya mduara, kama alama za vikombe. Nilihisi kama nimeoneshwa uso wa mtu ninayemjua umepigwa.

"Hii ni nini?"

"Kutu, Mama."

"Binti yangu aliniambia nini kuhusu kutu?"

"Kwamba haitashika."

"Basi mwongo ni nani? Yeye, au hilo bati lako?"

Aliegemea ukuta, sauti ikashuka, na nilitamani angepiga kelele.

"Ulimpa takataka. Mtoto anakata roho, anataka kumtengenezea mama yake kitu cha mwisho, wewe unamwokotea mabaki yasiyofaa kwa wateja. Alikuwa hana nguvu ya kukagua. Ulijua hilo."

"Mama, lile bati lilikuwa—"

"Kila asubuhi naisugua. Naamka, hata moto sijawasha, naisugua kwa brashi yake mpaka mkono unakufa ganzi. Inatakata. Kesho yake imerudi, imezidi ya jana. Kwa nini irudi?"

Akafungua droo, akatoa brashi. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Aliifungua ili nione jinsi anavyoitunza, na mimi nikaona kitu kingine. Kwenye shina la nyuzi, kule ambako kidole hakifiki, kulikuwa na unga wa kahawia, na katikati ya unga huo punje chache nyekundu. Ilikuwa rangi ile tunayopaka mageti kabla ya rangi yenyewe.

Brashi ilikuwa imevuka mstari.

Nilijua pale pale kilichotokea mezani, mwanzo mpaka mwisho, na nilijua siwezi kukisema. Ningemwambiaje? Kwamba bati ni zima, binti yako hakukosea, ni wewe, kila asubuhi, kwa brashi yake?

"Niruhusu niipeleke karakanani."

"Ukaibadilishe?"

"Nikaioshe. Ni hii hii itakayorudi."

"Meza chukua," alisema. "Brashi huigusi."

Tuliipakia kwenye pikapu, mimi na Mageti, tukaifunga kwa kamba. Alikuwa anaendesha polepole kuliko kawaida yake. Tulipopita mzunguko wa barabara nilimuuliza.

"Ile brashi ya dada yako, nani aliitumia kwenye geti?"

Alisogeza gari pembeni, akalizima, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

"Siku zile za msiba," alisema. "Yule mwenye geti la kijani alikuwa anapiga simu kila saa. Nikasema nikalimalize, nirudi nikakae na watu. Yangu ilikuwa imeisha nyuzi. Nikaona ile imetundikwa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Shemeji, nilitazama chini. Nilitazama kabisa, kwa mazoea. Hakukuwa na mstari. Hakuna aliyeuchora. Nikajiambia, leo hayupo wa kunigombeza. Nilitamani anigombeze. Nilivuka nikiwa nangojea sauti yake."

"Na Mama alipoomba kitu?"

"Nilisahau. Naapa nilisahau. Nilitaka tu kumpa kilicho bora."

Tulikaa pale, magari yakitupita. Nikamwambia tutasema ni bati. Nitakubali nililichagua vibaya, nimeliosha, yameisha.

"Utaitwa mwongo mpaka unazeeka."

"Nimeshaitwa."

"Na brashi je?" Aligeuka akanitazama, macho mekundu. "Meza ikirudi ataisugua kesho yake asubuhi. Na keshokutwa. Kutu itarudi. Safari hii utasema bati gani?"

Nikimficha Mama, mkono wake utaimaliza meza ya mwanawe. Nikimwambia, nimemnyang'anya brashi, na juu ya hayo nimembebesha kutu yenyewe. Tuliondoka pale hatujakata shauri.

Karakanani tuliiweka upande wa ndani, chini ya dirisha. Dawa kali tunayopaka kwenye maungio sikuitumia, kwa sababu inaula uso wa bati na kuufifisha, na mistari ingekwenda nayo. Mke wangu kwa kazi zilizokwisha kupigwa msasa alitumia unga wa limau, ile asidi ya unga, uliokorogwa kwenye maji ya moto. Huo unakamata chuma cheusi na kuliacha bati lenyewe salama. Nilikoroga kama alivyokuwa akikoroga, nikaloweka vitambaa, nikavitandaza mezani na kuviacha, nikivimwagia tena kila vilipotaka kukauka. Nilikaa kwenye kigoda chake kuvilinda. Mageti alikuwa anatembea mlangoni, anaingia, anatoka.

Tulipofunua, kutu ilikuwa imekwenda. Vitambaa vilikuwa na rangi ya chai, na meza ilikuwa nyeupe. Palibaki vitundu vichache vyeusi kama ncha ya sindano, na mikwaruzo. Mama alikuwa amesugua kwa mzunguko, kama wanavyosugua sufuria, na miduara yake ilikuwa imekaa juu ya mistari ya binti yake kila mahali.

Mageti alipumua. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulifunguka.

"Hiyo ndogo. Nipitishe mkanda, shemeji. Msasa mpya, mashine inayokimbia sawa, nafuta miduara yote. Tena ataikuta imekuwa nzuri kuliko mwanzo. Inatoka kama ya dukani." Tayari alikuwa na mashine mkononi, amenawa, amevaa glovu safi, amebandika mkanda mpya kabisa. Alisimama kwenye ncha ya mstari ambao haukuwepo. "Naruhusiwa kuvuka?"

"Ngoja kwanza," nilisema. "Njoo uiname hapa. Tazama kuelekea dirishani."

Aliinama. Nilimwonesha kwa kidole, bila kugusa, pale mbele kidogo ya katikati.

"Nini hiyo? Ameunga?"

"Alikuwa anapumzika."

Alikaa ameinama hivyo hivyo. Kisha akachomoa waya wa mashine ukutani, akauzungusha taratibu kwenye mkono wake, akaiweka mashine chini.

Hatukusikia Mama akiingia. Alikuwa amekuja kwa miguu, viatu vina vumbi, mkoba ubavuni.

"Nimekuja kuona mnachobadilisha," alisema.

"Karibu, Mama," nilisema. "Hatujabadilisha. Ni kweli, lile bati—"

"Ni mimi, Mama," alisema Mageti.

Alisema yote. Geti la kijani, brashi yake iliyoisha nyuzi, chini kusikokuwa na mstari, vumbi lisiloonekana. Alisema akiwa amesimama wima kama mwanafunzi, na alipofika mahali pa kuivuta brashi kutoka msumarini sauti ilimkatika, akangoja, akaendelea. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Mama alifungua mkoba, akatoa kile kitambaa cheupe, akaishika brashi na kuitazama kwenye shina la nyuzi. Alisogea dirishani ili aone vizuri.

"Kwa hiyo kutu nimeileta mimi."

"Hapana, Mama, ni mimi niliye—"

"Wewe uliitia kwenye brashi. Mezani nimeitia mimi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuelewa vizuri. "Kila asubuhi. Kadiri nilivyosugua ndivyo nilivyoitia."

Aliigeuza brashi mkononi.

"Nilidhani namwogesha," alisema.

Nilimsogezea kigoda, hakukiona. Alikuwa ameweka kiganja mezani, anapapasa miduara.

"Hii ni mikwaruzo yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Inatoka?"

"Inatoka. Mageti anaweza kuifuta sasa hivi. Lakini haitoki peke yake. Itaondoka na mistari yake yote, itabaki ya mashine."

Alifikiri. Nikamwomba ainame, nikamwonesha. Hakuona mwanzoni. Nikamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipomwoa binti yake, nikaweka ncha za vidole vyake pale na kuzivuta taratibu, mpaka zikapita mahali mistari isipokutana.

"Hapa kuna nini?"

"Hapa mkono ulikuwa unamchoka. Anasimama, anapumua, anaendelea."

"Kila mstari?"

"Kila mstari."

Vidole vyake vilibaki pale. "Ulimwambia aache?"

"Nilimwambia, Mama. Nilimwambia nitamalizia mimi."

"Akasemaje?"

Nilitamani nisingeulizwa. "Alisema umengoja sana."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kumwambia mtu, "Sikuwa na haraka. Ile ya mbao ilikuwa bado inasimama. Nilikuwa nataniana naye tu. Mimi sikuwa na haraka na meza." Akairudia, "Sikuwa na haraka," akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa bati. Mageti alitoka nje. Nilimsikia anafungua bomba, na maji yakakimbia muda mrefu bila mtu kunawa.

Aliponyanyuka alijifuta kwa kitambaa chake, na mara moja akakitumia kufuta machozi yaliyodondokea mezani, akafuta kwa kufuata mistari.

"Iacheni hivyo hivyo," alisema.

Nilileta ndoo. Niliimwagia meza maji kutoka ncha moja, na yakatembea juu ya mistari na juu ya miduara, juu ya kila kitu, kama kitambaa kimoja. Nikamweleza maana yake. Aliitikia kwa kichwa.

Ikabaki brashi. Aliuliza kama nayo inaogeshwa. Nikamwambia ukweli, kwamba nyuzi zinaoshwa, lakini kule kwenye shina hakuna anayeweza kuapa kuwa pamesafika, na mke wangu asingeiamini tena.

"Basi irudisheni mahali pake," alisema.

Niliipokea. Nilikwenda nayo mpaka kwenye misumari, nyingine zote zimetundikwa na utepe wao wa buluu, msumari mmoja mtupu. Mkono ukagoma. Brashi iliyogusa chuma cheusi haikai upande ule. Hiyo ilikuwa sheria yake, ya kwanza na ya mwisho, na aliitunga yeye. Nikageuka. Mageti alikuwa amesimama upande wa barabarani, ameelewa, anatikisa kichwa kuwa hataki. Upande wake haiwezi kwenda, kuparuza mageti ya watu na kidole gumba cha dada yake kiko pale pale. Nilisimama katikati ya karakana, nimeishika, sina pa kuiweka.

Mama alinijia akaichukua mkononi mwangu, akaifunga kwenye kitambaa.

"Itakaa na mimi, chumbani," alisema. "Kwangu hakuna mstari."

Siku hizi mstari nauchora mimi. Haunyooki. Unaanza vizuri mlangoni, ukifika usawa wa kigoda unapinda, na sijui kwa nini, maana naujua mkono ulivyokuwa unakwenda. Mageti hautanii. Akiwa anahitaji kitu cha upande wangu anasimama pale kwenye chaki, anaomba, anangoja aletewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia Mama. Nilimkuta anafuta meza kwa kitambaa laini na maji matupu, anavuta kutoka ncha moja kwenda nyingine. Alikuwa ananisimulia habari za jirani na paa lake linalovuja, anacheka kidogo, hakuwa anatazama mkono wake. Mkono ulipita katikati, ukasimama. Akavuta pumzi. Ukaendelea.

Alinimiminia chai. Nilikunywa kidogo nikaweka kikombe mezani, mbele kidogo ya katikati, nikitaka kumjibu kuhusu lile paa.

"Mwanangu," alisema, "usikiweke hapo."

Nikakihamisha.